Leseni Yenye Jina Langu

Kwa wale waliokosa gazeti Jumamosi iliyopita, iwe ni kwa sababu ya mazishi au uvivu, nitawaeleza kwa ufupi mahali aibu yangu ilipofika.

Mimi ni Mwai, fundi wa programu za kompyuta hapa mjini Nyeri. Kiwanda cha kahawa kule Gakindu kinatumia programu yangu. Mkulima anapeleka kahawa yake, mizani inapima, na kabla hajafika nyumbani simu inalia na kumweleza kilo zake. Nasema "yangu" kwa mazoea tu. Ukweli mtaukuta hapa chini.

Kisha Griffins, mwenzangu wa kazi wa miaka minne, aliondoka na nakala ya programu hiyo akaipeleka Nanyuki kwa Mzee Abdille, mfanyabiashara wa ng'ombe. Nilijuaje? Mfugaji mmoja aliuza fahali, akapata ujumbe kwenye simu: "Asante mkulima, kahawa yako imepimwa kilo mia tatu na kumi." Griffins alibadilisha mizani, akasahau kubadilisha maneno.

Nikakimbia kwa Wakili Muriithi. Tukaandaa kesi ya kumzuia Griffins asiiguse tena programu ile. Nikashika Biblia mbele ya kamishna wa viapo, nikaapa kwamba kila mstari niliuandika mimi, kwa mikono yangu miwili. Nikatoka pale kifua mbele.

Wiki jana niliwaacha tukiwa tumeitwa kikao cha mawakili, tujaribu kuelewana kabla ya kwenda kwa jaji. Nami nilikuwa nimevaa suti ya harusi yangu, ambayo siku hizi hufunga kifungo kimoja tu.

Kikao kilikuwa ofisini kwa Muriithi, orofa ya pili, saa nne asubuhi.

Upande wa pili wa meza alikaa Griffins na ndevu zake mpya. Kando yake Mzee Abdille, aliyekuja kuona kama ataendelea kupima ng'ombe wake. Na katikati yao wakili wao, dada mmoja mpole wa Nanyuki kwa jina Sagal.

Sagal alikuwa na faili nyembamba sana. Nikamnong'oneza Muriithi, "Hawa wamekuja mikono mitupu."

"Faili nyembamba ndiyo huniogopesha," akasema.

Sikumwelewa. Siku hiyo sikuwa mtu wa kuelewa mambo.

"Bwana Mwai," Sagal akaanza, "niko na maswali machache. Ni rahisi."

"Uliza yote."

"Haya makaratasi ni maandishi ya ndani ya programu, ile code yenyewe. Tumeiprint. Hili jina liko kila mahali ni la nani?"

"Ni langu."

"Liko mara mia mbili na kumi na nne. Nimehesabu. Uliliweka wewe mwenyewe?"

"Kwani nani angeweka? Ni mimi, na hii mikono yangu."

"Hakuna mtu mwingine aliandika kitu humu ndani?"

"Hakuna! Huyu Griffins kazi yake ilikuwa kufunga mizani tu."

"Ati mizani tu?" Griffins akacheka. "Sawa, Mwai. Endelea."

Muriithi akanikanyaga mguu chini ya meza. Nilidhani ananipongeza.

Sagal akasukuma karatasi moja mbele yangu. "Basi tusomee hii. Ni faili iko ndani ya programu yako. Inaitwa leseni."

Ndugu zangu, nilikuwa sijawahi kuisoma. Miaka mitatu nilikaa na faili ile kama mtu anavyokaa na jirani asiyemsalimia. Watu wa kazi yetu wengi tuna ugonjwa huo. Tukiona masharti marefu tunateremka hadi chini kabisa, tunabonyeza "nakubali", tunaendelea na maisha.

Ilikuwa kwa Kiingereza cha mawakili. Sagal akaniomba niigeuze kwa Kiswahili ili Mzee Abdille afuate.

"Mwenye haki za programu hii ni Mwai," nikasoma. Hapo sauti ilikuwa juu, nikamtazama Griffins. "Mwai anampa kila mtu atakayepata programu hii ruhusa ya kuitumia, kuinakili, kuibadilisha..."

Sauti ikaanza kushuka yenyewe.

"Endelea," Sagal akasema.

"...na kuigawa, au kuiuza, mradi..."

"Mradi nini?"

"...mradi naye ampe mwenzake maandishi yote ya ndani, pamoja na ruhusa hii hii."

Mzee Abdille akanigeukia kwa heshima kubwa.

"Wallahi huyu ni mtu mkarimu," akasema. "Ametoa yote kwa kila mtu. Lakini sasa mbona anatushtaki kwa kuchukua?"

Griffins aliinama mpaka paji la uso wake likagusa meza. Mabega yalikuwa yanacheka.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapovuliwa nguo, na ni bora nijivue mwenyewe.

Programu ile sikuiandika. Niliitoa mtandaoni. Kuna watu duniani wanaandika programu kisha wanaziacha wazi, yeyote azichukue, na wenyewe huziita programu huria. Hii iliandikwa na mama mmoja wa Ulaya aitwaye Zdenka, kwa ajili ya ushirika wa wakulima wa matufaha wa kwao.

Masharti ya Zdenka yalikuwa machache. Jina langu, alisema, liache lilipo. Ukibadilisha kitu, sema umebadilisha. Na yeyote utakayempa programu, mpe pia maandishi yake ya ndani, naye awe huru kama wewe. Hata kuuza aliniruhusu.

Yaani nilipewa bure, halafu nikaiba. Ni kama jirani akwambie ingia shambani ukate marando ya viazi utakavyo, nawe ungoje aende kanisani ndipo upenye kwenye ua.

Mtaniuliza kwa nini. Ni mkutano wa wakulima wa Gakindu ulionimaliza. Nilikuwa nimemaliza kuwaonyesha jinsi ujumbe unavyofika kwenye simu, mwenyekiti akasimama.

"Niko na swali moja," akasema. "Hii kitu ni ya mtoto wetu ama ni ya wazungu? Juu wazungu wametusumbua na hii kahawa tangu babu zetu."

Watu mia tatu wakanitazama. Mama yangu alikuwa mstari wa mbele na leso yake ya kanisani.

"Ni yangu," nikasema.

Walipiga makofi mpaka mbwa wakabweka. Pasta akaja mbele, akaweka mkono juu ya laptopu, akaiombea, na akamshukuru Mungu kwa kichwa alichonipa. Niambieni, baada ya watu kusema amina, ningesimama na kusema ile ni kazi ya Zdenka?

Wiki hiyo hiyo niliiamuru kompyuta: popote uonapo jina la Zdenka, weka Mwai. Ni kitufe kimoja tu. Ikaifanya kazi hiyo kwa uaminifu ambao mimi sina, ikaingia kila faili, ikaingia mpaka kwenye leseni. Leseni yenyewe sikuifuta. Sikujua ni kitu cha maana.

Turudi ofisini.

"Njia ni mbili, Bwana Mwai," Sagal akasema, bado kwa upole ule ule ambao ulianza kunitia homa. "Ukisema leseni ni yako, basi ulimruhusu Griffins na kesi imeisha. Ukisema si yako, utatuambia ni ya nani, na kwa nini uliapa hakuna mtu mwingine aliandika."

"Griffins naye alificha!" nikaropoka. "Griffins ni mwizi!"

"Griffins amempa Mzee Abdille code yote, na amerudisha jina la mwenye kuandika. Yeye alisoma masharti."

"Nilisoma siku moja kabla ya kurudisha, lakini nilisoma," Griffins akasema. "Wewe hata kusoma ilikushinda, buda."

Mkuki kwa nguruwe.

Sagal alikuwa bado na karatasi moja kwenye faili yake nyembamba. Ilikuwa barua pepe. Griffins alikuwa ameikuta programu ya kwanza mtandaoni, akamwandikia Zdenka, na Zdenka alikuwa ameniandikia mimi, siku ishirini na saba zilizopita.

Nikaikumbuka mara moja. Mtu wa mbali, simjui, hanijui, ananiita "Mpendwa Bwana Mwai". Anasema nimefanya kosa na angependa tulirekebishe kwa amani. Anasema hataki chochote kutoka kwangu ila jina lake lirudi na wakulima wapewe maandishi ya ndani. Sisi watu wa Nyeri tumeshatapeliwa na wapendwa wengi. Mtu asiyetaka chochote ndiye hukuachia nyumba tupu.

"Na hapa kuna jibu lako," Sagal akasema. "Nilisome?"

"Hapana," nikasema.

Akalisoma. "Nenda utapeli wengine. Mimi nimesoma. Wako, Mwai." Chini yake kulikuwa na jina langu lote na namba ya simu.

"Mimi nimesoma!" Griffins akarudia, akapiga meza na kiganja. Hata Muriithi, wakili ninayemtegemea, alifunika mdomo akajifanya anakohoa.

Sagal hakucheka. Huyo dada angecheka ningepata nafuu.

"Hiyo leseni inasema hivi," akanieleza taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Mtu akivunja masharti, ruhusa yake inaisha. Lakini akirekebisha ndani ya siku thelathini baada ya kuonywa mara ya kwanza, anarudishiwa. Kiwanda cha Gakindu hakitaguswa, wao hawana makosa. Ni wewe. Zimebaki siku tatu. Zikiisha, hutakuwa na ruhusa hata ya kuifungua hiyo programu."

Mzee Abdille akasimama, akanipa mkono. "Rekebisha, kijana," akasema. "Huyo mama amekuachia mlango. Mimi nikiwa nimetukanwa hivyo ningeufunga."

Muriithi alinivuta hadi kwenye ngazi. Alikuwa ametoa miwani.

"Mwai, uliniambia uliandika."

"Niliandika... kidogo."

"Kidogo gani?"

"Zile salamu. Ile 'Asante mkulima'."

Alishika reli ya ngazi kwa muda. Nilimwona akihesabu kitu kimoyomoyo, pengine ni miaka aliyokaa chuoni kusomea sheria ili aje akutane nami.

"Sikiliza vizuri," akasema. "Kuapa uongo ni jela. Ukirekebisha hii maneno ya Zdenka ndani ya siku tatu, umekiri kwa maandishi ulidanganya korti. Usiporekebisha, umepoteza programu, na bado Sagal atapelekea jaji hizo karatasi. Umejifungia ndani, na ufunguo umemeza."

"Sasa nifanye nini?"

"Tuondoe kesi. Uandike kiapo kingine useme ukweli, kabla korti haijasoma kile cha kwanza. Useme mwenyewe, usingoje kusemewa. Hapo naweza kukusaidia kidogo. Lakini enda kwanza uongee na mama watoto."

"Ngendo anaingia wapi hapa?"

Muriithi akarudisha miwani. "Enda leo. Kabla hujaandika hata neno moja."

Nilidhani ni ushauri wa kawaida tu, wa mtu mzima kwa mtu mjinga.

Nilifika nyumbani Giakanja saa nane. Mke wangu Ngendo alikuwa nyuma ya nyumba, anachambua maharagwe kwenye ungo. Ngendo ni mwalimu wa watoto kanisani. Kijijini kwetu watu wakibishana juu ya jambo, huulizana kama Ngendo ameliona. Akisema ameliona, ubishi umeisha. Nilijua nikimpoteza huyo, programu haina maana, Gakindu haina maana, na hata jela yenyewe itakuwa mahali pa kulala tu.

Kwa hiyo nilienda kukata nyasi.

Nilikata nyasi na suti. Nikampelekea ng'ombe, ambaye alikuwa ameshiba, akanitazama akageuka. Nikaenda kukata nyingine.

"Baba Lynn," Ngendo akaita, jina la binti yetu wa kwanza likiwa mbele ya hasira zake kama kawaida. "Hiyo nyasi inatosha mpaka kesho kutwa. Kuja ukae hapa useme kile unataka kusema."

Nikakaa kwenye debe. Nikamwambia yote. Nilianza na Zdenka, nikarudi kwa Gakindu, nikapitia Nanyuki, nikaishia kwenye ngazi za Muriithi. Mahali pengine nilijitetea kidogo, lakini alikuwa akiinua macho kutoka kwenye ungo, nami nikarudi barabarani.

"Huyo mama wa matufaha," akasema nilipomaliza, "alikuwa anataka nini kwako?"

"Jina lake libaki pale."

"Na nini ingine?"

"Na nigawie watu vile alinigawia."

"Sasa hiyo ilikuwa ngumu wapi?"

Nimesomea kompyuta miaka minne, nimening'iniza cheti ukutani, na swali la mtu anayechambua maharagwe lilinishinda. Niliona haya, wasomaji wangu. Si haya za Gakindu wala za ofisini. Hizi zilinichoma mpaka ndani.

Ngendo akaweka ungo chini. Akaingia ndani ya nyumba, akakaa kidogo, akatoka na bahasha ya kaki. Ilikuwa na muhuri ninaoujua vizuri.

"Hiyo wiki ulikuwa Gakindu kufunga mizani mpya," akasema. "Wakili Muriithi alinipigia simu. Akasema kesi inahitaji mtu aliona ukiandika hiyo programu. Nikaona hiyo ni kitu ndogo ya kusaidia bwana yangu. Nilikuwa nataka ushinde kwanza ndio nikwambie."

Nikatoa karatasi iliyokuwa ndani ya bahasha.

"Nisomee," akasema.

"Ngendo..."

"Baba Lynn, nisomee."

Nikasoma. "Mimi Ngendo, naapa kwamba kila jioni, kwa miezi mitano, nilimwona mume wangu Mwai akiiandika programu hii peke yake, na haya nayasema kwa kuwa nayajua kuwa ni kweli." Chini yake ilikuwa sahihi yake, ile ya mwalimu, herufi zote zimesimama wima.

"Nilishika Biblia," akasema. "Ile ninafundishia watoto ya watu."

Nilitaka kumwambia hakutenda kosa lolote, kwamba aliapa kwa kile alichoamini, na mtu yeyote mwenye akili ataliona hilo. Lakini nani alimfanya aamini?

"Hizo jioni zote," Ngendo akasema, na hapa sauti yake ilipungua, "nikishalaza watoto nilikuwa nakuletea chai. Nilikuwa natembea pole pole nisikusumbue. Nilikuwa naambia hata mama yako asipige simu, juu unaandika. Ulikuwa unaandika nini?"

Uongo ulikuwa hapo mdomoni, umeiva, umeshavaa viatu. Ningesema nilikuwa nabadilisha, narekebisha, natafsiri. Lakini alikuwa ananitazama machoni.

"Nilikuwa naangalia mpira," nikasema. "Na zile vitu za masikio, ndio usisikie."

Hakulia. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angenitupia maharagwe. Alifungua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya ungo. Akapigia simu mtu wa bodaboda. Akaingia kuvaa koti.

"Unaenda wapi?"

"Kwa Wakili, halafu kwa huyo kamishna. Wanafunga saa kumi na moja. Naenda kurudisha kiapo yangu."

"Ngoja siku moja tu, Mama Lynn. Tunazo tatu. Ukirudisha yako leo, itakuwa ni wewe umenisemea. Muriithi alisema ni lazima niseme mwenyewe. Nipe kesho, nitafute maneno."

"Maneno umekuwa nayo mingi sana," akasema. "Wewe tafuta hizo siku zako tatu. Mimi sitalala na hii yangu hata moja. Na wakiniuliza ni kwa nini nimerudi, nitawaambia ile nimesikia hapa."

Pikipiki ilishaanza kupanda kilima, tukiisikia. Nilitembea nyuma yake hadi langoni, suti imejaa mabua ya nyasi, nikitunga sentensi na kuziacha. Ngendo akapanda. Kisha akasogea mbele, akambana dereva, pakabaki nafasi ya mtu mmoja nyuma yake. Dereva akamwangalia, akaniangalia mimi, akaacha injini inaunguruma.

"Baba Lynn," akasema bila kugeuka, "unapanda ama unabaki?"